Mzee wa Tambi Anasubiri Jibu

Maneno ya mwisho tuliyoyasikia kutoka zahanati ya bondeni yalikuwa haya: "Tunaigeuza sasa hivi." Baada ya hapo redio ilivuma tu, kama kitu kinachokaangwa nyumba ya pili. Mzee aliyekuwa ameketi pembeni yangu aliendelea kuuliza swali moja kwenye kipaza sauti, "Moto mmezima? Moto mmezima?", mpaka nikamgusa mkono na kumwambia kwamba upande wa pili hakuna mtu tena.

Kitu walichokuwa wanakigeuza kilikuwa friji ya mafuta ya taa. Chini ya friji ya aina hiyo kuna tangi la mafuta, na juu ya tangi kuna utambi unaowaka mchana na usiku. Ajabu yake ni kwamba moto huo ndio unaoleta baridi. Na aliyewaambia waipindue kichwa chini, miguu juu, alikuwa ni mzee huyo mwenyewe.

Redio ilikuwa ya stoo ya dawa pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu. Stoo yetu ilihudumia zahanati ndogondogo za Iringa na Mbeya, nyingi zikiwa mahali ambapo simu haikufika na gari lilifika kiangazi tu. Kila zahanati ilikuwa na redio ya kusemea na kusikilizia, inayotumia betri ya gari. Kila asubuhi wote walifungua kwa wakati mmoja, na mimi, karani wa stoo, niliwaita mmoja baada ya mwingine: nani ameishiwa dawa, nani ana mgonjwa wa kufuatwa. Lilikuwa baraza la watu wasioonana. Mmoja akisema, wote walisikia, na akimaliza alitamka "ova" ili mwingine apate nafasi. Akisahau kuitamka, mikoa miwili ilikaa kimya ikimngoja.

Mzee hakuwa mtumishi wetu. Alikuwa na duka huko juu mjini, karibu na soko, akiuza tambi, vioo vya chemli, pampu za karabai na sindano za kuzibulia majiko ya mafuta. Siku moja alishuka kutuletea tambi tulizoagiza, akamkuta mganga wa kituo cha mlimani, upande wa Kilolo, akilalamika hewani kwamba friji yake ya chanjo imekufa. Mimi nilikuwa namjibu nilivyoweza, yaani nilikuwa nampa pole. Mzee alisimama mlangoni na mfuko wake, akasikiliza, akahama mguu mmoja hadi mwingine.

"Mwulize moto una rangi gani."

Nikauliza. "Anasema wa njano."

"Kioo kina masizi?"

"Anasema kidogo."

"Hakuna masizi kidogo, mwanangu. Nipe hicho kidude."

Alikishika kipaza sauti kama mtu anayeshika kuku wa mwenzake, kwa uangalifu na bila raha. Alimweleza yule mganga jinsi ya kukata utambi ulingane, kupangusa kioo na kupitisha brashi kwenye bomba la moshi. Kesho yake alishuka tena, na safari hii hakuwa na tambi za kuleta. "Nimekuja kusikia kama imepoa," alisema. Mganga wa mlimani hakusema neno juu ya friji. Aliomba pamba na spiriti, akafunga redio. Mzee akaketi.

Aliendelea kuketi hapo kwa miaka. Hakulipwa, wala hakuna aliyemwomba. Alishuka asubuhi, akapanda tena kwenda kufungua duka, na kile kilima cha kurudi mjini kilimtoa jasho hata mwezi wa Juni, Iringa inapokaza baridi. Hewani walimpa jina la Mzee wa Tambi, nami nitamwita hivyo.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "imekufa." Watu wa redio walilitumia kwa kila kitu. Friji imekufa, karabai imekufa, jiko limekufa, pampu ya kisima imekufa. "Kufa ni habari ya kutangazwa msikitini," aliwaambia. "Mimi niambie unaona nini, unasikia nini, unanusa nini. Ova." Basi mtu alijibu, "Mzee, naona friji. Ova." Hakuwa anafanya mzaha. Aliona friji.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi ilivyo kazi kumsaidia mtu ambaye humwoni, kwa kitu ambacho hakijui, kwa maneno ambayo hana. Mzee wa Tambi alilazimika kumtengenezea macho kwanza. Alichukua kiberiti changu mezani akakiita friji, kifutio kikawa mlango, kalamu ikawa ukuta, akauliza: "Ukiingia, friji iko mkono wa kulia au wa kushoto? Jua linapiga wapi? Dirisha?" Alikipanga chumba kizima juu ya meza yangu, chumba ambacho hakuwahi kukitia mguu, kisha akakitazama kwa muda mrefu na kusema, "Isogezeni. Upepo wa mlangoni unaupeperusha moto." Mara nyingi ilikuwa hivyo. Mara nyingine haikuwa hivyo, na hapo alianza upya, kutoka dirishani.

Jambo la pili lililomchosha lilikuwa "sijafanya kitu." Kila aliyeharibikiwa hakuwa amefanya kitu. Mganga mmoja wa upande wa Mbeya aliapa asubuhi mbili mfululizo kwamba hajagusa. Siku ya tatu ikaja kujulikana kwamba aliishiwa mafuta ya taa akatia dizeli, "kidogo tu, ya kusukumia." Mwingine alikuwa amezitoa rafu za ndani ili kitoweo cha baba mkwe wake kienee. Mzee hakuwakaripia. Alisema "ahaa," ile ahaa ndefu ya watu wa asili ya pwani, akafunga macho, akawaambia cha kufanya.

Aliyemshinda kabisa alikuwa yule yule mganga wa mlimani. Friji yake ilipoa vizuri mchana na ikashindwa alfajiri, wiki nenda wiki rudi. Mzee alimwuliza habari za utambi, mafuta, bomba na sakafu. Alimwambia aweke bakuli la maji juu ya friji atazame kama maji yamelala sawa, maana friji hizo zikiinama hazipoi. Maji yalilala sawa. Mwishowe, kwa kukata tamaa, alimwuliza, "Hebu niambie, jioni ukifunga zahanati unafanya nini? Kitu kimoja kimoja."

"Nafagia, mzee. Nafunga madirisha. Naipumzisha friji. Nafunga mlango. Ova."

Mzee wa Tambi alinitazama. "Unaipumzishaje?"

"Nazima moto. Imefanya kazi tangu asubuhi, mzee. Hata maksai wa plau hufunguliwa jioni. Na Jumapili naipumzisha kutwa. Ova."

Stoo nzima ilicheka, wapakizi wakaja kuchungulia mlangoni. Hewani pia walicheka, maana niliwasikia wakibonyeza vitufe vyao, ta-ta-ta. Mzee peke yake hakucheka. Alimwambia mganga kwa sauti ya chini kwamba friji ni kama moyo, haifunguliwi jioni. Kisha alipozima kipaza sauti akaniambia, "Yule ana huruma. Kosa lake ni huruma. Utamkaripiaje mtu kwa hilo?"  Alikuwa anawaza chanjo walizopigwa watoto wa kule miezi yote ile.

Hakuwa mshauri peke yake. Katika kila baraza kuna anayejua kila kitu, na wetu alikuwa mtunza stoo wa Mbeya, Mnyakyusa mwenye sauti nene aliyeanza kila asubuhi kwa kutusalimu "Ugonile!" kama vile anafungua mkutano wa hadhara. Mzee akiwa katikati ya maelezo, yeye aliingilia.

"Iringa, Iringa, hapa Mbeya. Mwambie aipige teke upande wa nyuma. Yangu huwa naipiga teke. Ova."

"Mbeya, ondoka njiani. Nina mgonjwa mezani. Ova."

"Mzee, ninyi watu wa Iringa baridi imewaingia mpaka kichwani, hamhitaji friji, mnahitaji jiko! Ova."

"Na wewe unahitaji kufuli la mdomo, ninalo dukani, njoo nikupe bure. Ova."

Watu walipenda mabishano hayo. Lakini Mzee alirudi kila mara kwa mgonjwa wake na kumwuliza, "Hujaipiga teke, sivyo?" Mara mbili jibu lilikuwa, "Kidogo tu, mzee. Ova."

Kwa namna ya ajabu, mtu huyu mwenye subira hewani hakuwa na subira dukani. Mteja aliyeuliza bei mara mbili aliambiwa aende kwingine. Jiko la nyumbani kwake lilitoa moshi mwaka mzima, na mkewe, mama mcheshi aliyekaa kizingitini akichambua mboga, alipikia mkaa. "Huyu anatengeneza majiko ya watu asiowajua," aliniambia nilipowatembelea. "Mimi kosa langu ni kwamba ananiona." Friji hawakuwa nayo. Na yeye, aliyeuza vitu vya moto maisha yake yote, aliuogopa moto kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Kabla ya kutoka alizunguka chumba akigusa kila taa kwa nyuma ya kiganja. Akitoka, alirudi kugusa tena.

Wapo waliosema anakuja redioni ili auze tambi. Mimi nilimsikia akiwaambia watu mara kwa mara wasinunue utambi mpya, wakate wa zamani.

Kutokana na woga huo alikuwa na kanuni, nayo alinifundisha siku za mwanzo. Alisema ukimwelekeza mtu kutoka mbali, usidhani atasikia yote. Atasikia nusu, na radi itakula nusu nyingine. "Kwa hiyo neno la kwanza liwe lile ambalo akilisikia hilo tu, hataumia. Neno la moto linatangulia. Zima kwanza, mengine yafuate." Tena alimtaka kila mtu arudie maelekezo kabla ya kuyafuata. Walioona aibu kurudia kama watoto wa shule aliwangoja mpaka waone aibu ya kungojwa.

Kisha, kila alipomaliza, alisema, "Turudishie jibu." Hili ndilo lililomtesa zaidi ya dizeli na mateke. Hawakurudisha. Kitu kikiharibika waliita asubuhi, mchana, hata tulipofunga. Kikipona, kimya. Alibaki na vyumba kichwani, friji mkono wa kulia, dirisha mashariki, bila kujua kama humo ndani moto unawaka bluu au kuna kitu kimeungua. Siku moja nilimwambia ndiyo shukrani ya punda. Akatikisa kichwa.

"Punda akikupiga teke, mwanangu, angalau unajua amefika."

Mmoja tu alirudisha majibu. Alikuwa muuguzi kijana aliyepelekwa peke yake kwenye zahanati ya bondeni, huko tambarare ya Usangu, mbele ya mashamba ya mpunga ya Ubaruku. Sisi tulimwita dada wa bondeni. Alikuwa na sauti nyembamba na adabu iliyomaliza betri: "Shikamoo mzee, hujambo dada wa stoo, shikamooni nyote mnaonisikia." Mtunza stoo wa Mbeya alimtania kwamba akimaliza kusalimu wagonjwa watakuwa wamepona. Lakini siku iliyofuata baada ya kusaidiwa alifungua redio na kusema, "Mzee, ule utambi nimekata, sasa unawaka bluu. Ni hayo tu. Ova." Siku kama hiyo Mzee wa Tambi alipanda kile kilima kama kijana.

Ndipo ikaja asubuhi ya bondeni.

Mvua zilikuwa zimeanza, na huko Usangu surua ilikuwa imeingia, nyumba hata nyumba. Dada alikuwa amepata chanjo za watoto kwa lori la mwisho kabla barabara haijazama. Asubuhi hiyo hakusalimu mtu. Alisema moto unawaka bluu, utambi umelingana, bomba safi, maji ya bakuli yamelala sawa, na friji haipoi tangu jana. Chanjo amezitia kwenye chupa ya chai pamoja na kibarafu kilichobaki. Kina mama wameshajaa barazani. Alieleza yote bila kuulizwa, kwa mpangilio aliofundishwa, na kwa hiyo hapakuwa na la kumwuliza. Mzee alitazama kiberiti mezani.

Kuna dawa ya mwisho kwa friji hizo. Mchanganyiko ulio ndani ya mabomba hukwama mahali, na ukiipindua friji kichwa chini kwa muda mrefu, kisha ukaisimamisha na kuiacha itulie, wakati mwingine huamka. Ila moto uwe umezimwa na tangi limetolewa. Usipofanya hivyo, unamimina mafuta ya taa juu ya moto ndani ya chumba chenye paa la nyasi. Mzee hakuwahi kumpa mtu dawa hiyo kwa redio. Aliiogopa. Lakini chanjo zilikuwa katika chupa ya chai.

Alianza na neno la moto, nilimsikia. "Zima moto kwanza. Toa tangi, litoe nje kabisa." Papo hapo radi ikapasua. Aliendelea: watafute watu wanne, waipindue taratibu, waiache mpaka kesho. "Rudia. Ova."

Sauti nyembamba ikatoka ndani ya mvumo. "Nimepata, mzee. Watu wanne. Tuipindue kichwa chini, taratibu, tuiache mpaka kesho. Wanaume wapo hapa. Tunaigeuza sasa hivi."

Hakurudia moto. Hakurudia tangi. Na mimi hata leo sijui kama hakulisikia neno la kwanza, au alikuwa ameshazima tangu alfajiri akaona hakuna haja ya kulitaja, maana nani asiyejua kuzima moto? Mzee alibonyeza kitufe kabla dada hajamaliza. "Moto mmezima? Bondeni, moto mmezima?" Mbeya akaingia kumsaidia, bila utani: "Bondeni, Bondeni, zima moto, zima moto, unanisikia?" Mganga wa mlimani naye akaita. Baraza zima liliita bondeni asubuhi ile, sauti juu ya sauti, hakuna aliyesema ova.

Kesho yake dada wa bondeni hakufungua redio. Wala keshokutwa. Inawezekana betri ilikwisha, na wakati wa mafuriko hapakuwa na pa kuichajia. Mzee alishuka mapema kuliko mimi, nikamkuta ameegemea mlango wa stoo, kidole kikihesabu tasbihi bila midomo kusogea. Niliuliza ofisini. Baada ya muda wakaniambia kwamba kituo cha bondeni kimefungwa, watu wake wamehamishiwa kijiji kipya, na mtumishi amepewa kituo kingine. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini, na kila ofisi ilikuwa na watu wengi wa kuhamisha. Kituo kipi? Watafuatilia. Walikuwa wamehamisha friji? Walinitazama kama niliyeuliza habari za kuku.

Maji yalipopungua, Mzee wa Tambi alifunga duka. Hakuwahi kufunga duka isipokuwa kwa Idi. Alipanda basi la Mbeya, akashuka Rujewa, akadandia lori la mpunga mpaka Ubaruku, na kutoka hapo akakodi mtu wa baiskeli. Aliporudi alinisimulia kwa mpangilio, kama anayejibu maswali yake mwenyewe.

"Mlango unatazama magharibi. Mimi nilidhani mashariki. Friji ilikuwa mkono wa kushoto, alama za miguu yake zipo sakafuni."

"Na friji?"

"Haipo. Paa halipo. Mlango haupo. Waliohama wamechukua boriti, wamechukua kila kitu."

"Hakuna alama ya kuungua?"

"Ukutani kuna masizi. Yamepanda mpaka juu."

"Basi iliungua," nilisema, na nikajuta.

"Friji yenye utambi mbaya hupandisha masizi mpaka juu."

"Lakini utambi wake ulikuwa mzuri, mzee. Alikuambia."

"Aliyekuwepo kabla yake je?" Akakitazama kiganja chake. "Na friji iliyoungua nayo hupandisha. Yanafanana. Nimeyagusa. Yanafanana."

Jirani pekee aliyemkuta alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wake baada ya wenyeji kuondoka. "Mimi nimekuta hivi hivi, baba," alimwambia. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, mwanamke mmoja alisema dada wa zahanati aliondoka na trekta, amekaa juu ya magunia, anacheka. Mwenzake akamkatiza: "Huyo aliyecheka ni mkunga. Dada alikuwa amejifunika gubigubi." Wakabishana, mashine ikaanza kunguruma, habari ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo hakuwa yule tena. Mtu akiomba msaada, alimwuliza kama moto umezimwa, akajibiwa ndiyo, akauliza tena, na tena, mpaka watu wakachoka wakaacha kumwita. Walianza kusaidiana wenyewe, tena vibaya. Naye alikuja tu, akaketi, akasikiliza mateke yakishauriwa bila kugusa kipaza sauti. Asubuhi moja, tulipokuwa tunafunga, mtunza stoo wa Mbeya aliita bila salamu yake ya mkutano.

"Mzee wa Tambi, najua unanisikia. Uko salama? Turudishie jibu. Ova."

Nilimsogezea kipaza sauti. Alikitazama, akainuka, akaenda zake kupanda kilima.

Mimi nilihamishiwa stoo ya Mbeya miaka michache baadaye. Niliporudi Iringa mara ya kwanza, kwa msiba wa rafiki, nilipita dukani kwake. Ilikuwa Juni, na upepo ulikata. Alikuwa amekonda, kofia imekuwa kubwa. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," na kabla sijaketi akanionyesha kwa kidevu mfuko uliotundikwa kwenye boriti, juu ya vioo vya chemli. Mfuko wa mchele, wa kushona kwa mkono, umejaa, mdomo bado umefungwa kwa ukindu.

"Mwulize mama," alisema.

Mkewe alikuwa kizingitini pake. "Amekwisha kuniuliza mpaka nimechoka! Alikuja mwanamke, mzee huyu kashuka Ipogolo kwenye redio yake. Nikasema karibu, akasema basi linaondoka. Akasema mpe Mzee wa Tambi, mchele wa Ubaruku, mwambie ni wa bondeni. Basi."

"Jina?" niliuliza.

"Nimeuliza, akasema atajua mwenyewe."

"Sauti yake ikoje?" aliuliza mzee, na ilikuwa dhahiri kwamba swali hilo ni la zamani.

"Sauti ya mtu anayekimbilia basi."

"Alikuwa amebeba mwenyewe?" mzee aliendelea.

"Utingo wa basi ndiye aliyembebea mpaka hapa mlangoni. Mzigo mzito, baba, hata mimi ningebebewa."

"Mikono yake," mzee alisema. "Uliiona mikono yake?"

Mama aliacha kuchambua mboga. Safari hii hakutania. "Alikuwa amejifunika blanketi mpaka shingoni. Nani anatoa mikono nje Iringa mwezi huu? Sote tulikuwa tumejifunika."

Nilimwambia mzee kwamba bila shaka ni yeye, kwamba nani mwingine angekumbuka kurudisha jibu, na kwamba mtu aliyeunguzwa haleti mchele. Alinisikiliza kwa subira aliyokuwa akiwapa wale wa hewani.

"Kama ni wa shukrani, nitaula," alisema. "Kama ni wa kunisamehe, sijui mchele wa namna hiyo huliwaje."

Mteja aliingia kutaka utambi wa jiko. Mzee akampimia, akamkatia, akamwambia aulinganishe juu kwa mkasi na asivute sana. Mteja alipofika mlangoni akamwita arudi, akamwambia tena azime moto kwanza. Nilipowaaga kuwahi basi la Mbeya, mfuko ulikuwa bado unaning'inia kwenye boriti, haujafunguliwa, na panya walikuwa wameanza kuutoboa kwa chini.